Mcheza Kwao Hutunzwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, ndugu msomaji, lakini kuna kibanda kimoja cha fundi viatu hapa Ngara, Nairobi, ambapo methali hii imegombaniwa hadi watu nusura washikane mashati. Chanzo cha ugomvi si siasa wala si soka. Ni kriketi.

Kibandani hapo hukaa wazee wawili. Mmoja alikuwa akikata nyasi katika uwanja wa klabu. Mwenzake alikuwa karani, na siku za mechi alisimama nje ya ua akitazama bure. Kila nipitapo nakuta kesi ni ile ile: ni nani aliyeiua timu ya Kenya ya mechi za siku moja?

"Pesa iliwalevya," husema karani. "Walipofika nusu fainali wakajiona ndio wao."

"Wacha wewe! Pesa gani hiyo ya kulevya mtu? Ni viongozi hao!" hujibu mkata nyasi. Kisha hunigeukia: "Kijana, wewe umesoma, hebu tuamulie."

Kusoma kwenyewe ni kidato cha nne tu. Lakini nina ndoto ya kuandika riwaya, na riwaya hupenda adui. Basi nikaanza kuchimba matokeo ya zamani, nikiamini nitamkamata muuaji.

Mwanzo ni mbali. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, mwaka 1975, kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa watu wa asili ya Kihindi, maana kriketi ilikuwa mchezo wa klabu zao. Walicheza mechi 3, wakashindwa zote. Mmoja wa waliocheza ni John Nagenda wa Uganda, ambaye baadaye alikuja kuandika riwaya. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: kumbe kalamu na mpira wa kriketi vinaweza kukaa mkono mmoja!

Kenya kama Kenya iliingia Kombe la Dunia mwaka 1996. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, ilikutana na West Indies. Kwa asiyejua mchezo huu, kila upande hurushiwa ova 50, yaani mipira 300, na mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 166. Nani angeweka shilingi yake hapo? Lakini West Indies, ikiwa na Brian Lara, ilianguka kwa 93. Nahodha wetu Maurice Odumbe aliangusha wiketi 3, na Rajab Ali 3.

Hapo wazee wote wawili hukubaliana na kupeana mikono. Wanachosahau ni kwamba wiki moja baadaye, mjini Kandy, Sri Lanka iliifunga Kenya hiyo hiyo mikimbio 398, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Nasema hivi si kwa kuwavunjia heshima. Nasema kwa sababu tangu siku za raha timu yetu ilikuwa inapanda na kushuka. Mei 1998 ilishindwa na Bangladesh mjini Hyderabad, na mwezi huo huo ikaishinda India kwa mikimbio 69 mjini Gwalior.

Kisha ukaja mwaka 2003. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi za bure. Karani hushikilia hapo: "Ilikuwa bahati!" Sawa, mzee wangu, lakini Sri Lanka ilikuja. Tarehe 24 Februari, hapa hapa Nairobi, ilipigwa kwa mikimbio 53, na Collins Obuya peke yake aliangusha wiketi 5. Bangladesh ilishindwa, Zimbabwe ikashindwa, na Kenya ikafika nusu fainali mjini Durban, ambako India iliizima kwa mikimbio 91. Nchi hiyo haikuwa hata na hadhi ya kucheza mechi za siku tano!

Sasa tazama kilichofuata, msomaji, maana hapa ndipo riwaya yangu ilipoharibika. Mwaka 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka 5 baada ya uchunguzi kumkuta na hatia ya kuhusiana na mtu wa kamari. Mwaka huo huo wachezaji wakubwa waligoma kwa ajili ya malipo. Mwaka 2005 chama cha zamani kiliondoka, kikaja kipya, Cricket Kenya. Nilidhani nimemkamata adui. Nikauliza: ni yupi kati ya hawa?

Halafu nikaziangalia tarehe za mechi. Septemba 2004 Kenya ilicheza mechi 2 za siku moja kule Uingereza. Iliyofuata ilikuwa Februari 2006. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kucheza hata moja!

Mlinganishe na Bangladesh. Mwaka 1997 nchi hizi mbili zilikutana Kuala Lumpur katika fainali ya ICC Trophy. Steve Tikolo alipiga 147, na bado Bangladesh ilishinda kwa mpira wa mwisho kabisa. Tofauti yao ilikuwa nyembamba kama uzi. Lakini mwaka 2000 Bangladesh ilipewa hadhi ya mechi za siku tano, ikawa inakutana na wakubwa kila mara. Ilipigwa, ikapigwa tena, na katika kupigwa ikajifunza. Sisi mlango haukufunguliwa.

Na nyumbani? Hesabu majina. Mwaka 1996 kulikuwa na ndugu wawili Odumbe na ndugu wawili Tikolo. Mwaka 2003 kikosi kilikuwa cha watu 15: watatu walikuwa ndugu wa tumbo moja, Kennedy Otieno na akina Obuya wawili, David na Collins, na wengine wawili walikuwa akina Suji, Martin na Tony. Watu 5 kutoka nyumba 2! Kisima kilikuwa kitamu, ila kilikuwa kidogo. Steve Tikolo na Thomas Odoyo, waliocheza 1996, walikuwa bado wanategemewa mwaka 2011.

Mwaka huo 2011 New Zealand iliitoa Kenya kwa mikimbio 69 mjini Chennai, na mechi zote 6 zikapotea. Katikati ya kilio hicho, Collins Obuya alisimama mbele ya Australia akapiga 98, wala hakutolewa. Ova ziliisha kabla hajafika 100. Januari 2014, huko New Zealand, Kenya ilipoteza hadhi ya mechi za siku moja, na hadi ninapoandika haijairudisha.

Nilirudi kibandani na karatasi yangu, nikawasomea. Karani alinyamaza muda, kisha akauliza, "Kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa?"

"Wapo, mzee," nikamwambia. "Mwenye kupanga mechi hakutupangia. Mwenye kupeleka magongo mashuleni hakuyapeleka. Lakini wale vijana tunaowatukana hapa kila siku, wengi wao walicheza hadi miguu ikachoka, kwa sababu nyuma yao hapakuwa na mtu."

Mkata nyasi alitikisa kichwa. "Uwanja ni hivyo hivyo," akasema. "Usipoukata wiki mbili, wa tatu huutambui. Na hapo huwezi kusema nyasi ndiyo mbaya."

Fundi akagonga msumari, na karani akaanza upya: "Lakini ile ya 2003, bwana, ilikuwa bahati..."

Nikawaaga. Je, wewe msomaji, mcheza kwao kweli hutunzwa? Au hupigiwa makofi siku moja tu, kisha huachwa uwanjani peke yake?