Ufungaji wa eneo lililochafuliwa na mafuta

Ufungaji wa eneo lililochafuliwa na mafuta ni kazi ya kupima udongo na maji ya ardhini yaliyoingiwa na petroli, dizeli au mafuta ya taa, kuyasafisha, na kuthibitisha kwamba hatari imekwisha. Chanzo kikuu ni matangi yaliyofukiwa na mabomba yanayovuja.

Tathmini. Huchimbwa visima vya uchunguzi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo huelea; mpimaji hushusha kipimo kisimani na kusoma unene wa tabaka lake. Benzeni, kemikali iliyomo kwenye petroli, huyeyuka na kusafiri na maji. Kikomo chake kwa maji ya kunywa, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), ni miligramu 0.01 kwa lita.

Usafishaji na ufungaji. Udongo huchimbwa, mafuta hufyonzwa, au bakteria huachwa wayavunjevunje. Vipimo vikitulia kiangazi na masika, visima huzibwa kwa saruji.

Afrika Mashariki. Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivujia Thange, Makueni, nchini Kenya, likachafua mto na visima. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 humtaka mchafuzi agharimie usafishaji. Sharti hilo linahitajika kuanzia Makambako, njia panda ya malori, hadi Bulongwa milimani Makete: kisima kikishanuka petroli, kukisafisha huchukua miaka.