Deni la Elimu: Kiriri na Jirani Zake

Asimamaye Kiriri, juu ya mji wa Bujumbura, huliona Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo yake. Majengo ya chuo yaliyoko huko yalijengwa na Wajesuiti katika miaka ya 1950 kuwa shule ya Roho Mtakatifu. Baadaye yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefika hapo alipewa na serikali fedha za kujikimu, asidaiwe kuzirudisha. Mwaka 2017 serikali iliamua kuwa fedha hizo ziwe mkopo. Wanafunzi waligoma, na baadhi yao wakakamatwa.

Jina la Kifaransa la mpango huo liliunganisha mkopo na ufadhili katika neno moja. Sisi tufundishao lugha yatupasa kulitazama jambo hilo, kwani ufadhili hushukuriwa, lakini mkopo hulipwa.

Jirani zetu walikwisha kupita njia hii. Huko Kenya, tangu 1952 serikali ya kikoloni iliwakopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 wanafunzi wa chuo kikuu nchini nao wakaingizwa katika mpango wa mikopo. Wengi waliidhania kuwa ni zawadi, na serikali haikuwa na chombo madhubuti cha kudai. Madeni yakalala. Ndipo mwaka 1995 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopaji alitakiwa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya masomo, na mwajiri akate fedha mshaharani. Aliyechelewa alitozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi; hivyo kwa kijana asiye na kazi, aliyenyamaza, faini iliweza kulipita deni lenyewe. Mara kadhaa Bodi imewasamehe faini hizo, zote au sehemu, waliojitokeza kulipa.

Tanzania nayo ilianza kuwataka wanafunzi wachangie gharama mwaka 1988, ikaleta mikopo mwaka 1994, na Bodi yake ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2016 makato yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ya kulinda thamani ya fedha. Mwalimu wa mshahara mdogo aliweza kukatwa mwaka mzima, naye akaliona deni halipungui. Wafanyakazi walilalamika, na Mei Mosi 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo.

Historia hii yatufunza nini? Kwanza, nafuu haikumjia aliyejificha. Ilikuja kwa waliosema pamoja, na kwa waliojitokeza mbele ya mdai. Pili, mwanafunzi atiaye sahihi bila kulielewa neno "mkopo" amekwisha kupata hasara kabla ya kupokea hata faranga moja. Basi, ndugu walimu, tuwafundishe vijana kuusoma mkataba kwa makini kama wasomavyo shairi: nani anadai, kiasi gani, tangu lini, na ukikosa kazi umwandikie nani. Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini walinena pia kuwa dawa ya deni ni kulipa. Na dawa yataka kipimo ambacho mgonjwa aweza kukivumilia.