Utambuzi wa Vipokezi vya Adenosini Moyoni kwa Njia ya Dawa

Vipokezi vya adenosini ni protini zilizopachikwa katika utando wa seli, ambazo kazi yake ni kuipokea adenosini iliyo nje ya seli na kuupitisha ujumbe wake ndani. Navyo ni vya aina nne, yaani A1, A2A, A2B na A3. Kwa kuwa aina zaidi ya moja hukaa pamoja katika moyo mmoja, wataalamu wamezoea kuzipambanua kwa dawa, wakitazama ni ipi iamshayo kipokezi, ni ipi ikizuiayo, na kwa kipimo gani.

Asili yake. Mwaka 1929, Drury na Szent-Györgyi, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, waliwatia wanyama dondoo za misuli ya moyo, wakaona mapigo yakipungua na mishipa ya damu ya moyo ikitanuka, na baada ya uchunguzi wakabaini kwamba athari hizo zatokana na adenosini na jamaa zake. Vipi kitu kimoja kiupoze moyo na papo hapo kiifungue mishipa yake, ni fumbo lililokaa miaka mingi, hata mwaka 1979 Van Calker, Müller na Hamprecht, kwa kutumia seli za ubongo, walipodhihirisha kwamba adenosini huipunguza AMP duara, mjumbe wa ndani ya seli, kwa kipokezi kimoja na kuiongeza kwa kingine, wakaviita A1 na A2. Baadaye A2 iligawanywa mara mbili, na A3 ikajulikana mwaka 1992 kutokana na jeni za panya.

Namna ya kupima. Moyo wa mnyama hutundikwa kwa mrija uliofungwa katika mshipa mkuu, kwa utaratibu aliouasisi Oskar Langendorff mwaka 1895, nao, ukilishwa maji ya chumvi yenye sukari, oksijeni na joto la mwili, huendelea kupiga kwa saa kadhaa. Mtafiti hutia dawa kwa vipimo vinavyopanda, akihesabu mapigo na kuyakinga maji yanayodondoka kila dakika. Akitia CPA, iipendayo A1, mapigo hupungua. Akitia CGS 21680, iipendayo A2A, maji huongezeka bila mapigo kupungua. Kisha hurudia kazi ile ile akitanguliza kizuizi: DPCPX kwa A1, ama ZM 241385 kwa A2A, na kadiri ya kiamshi kinachohitajika kuongezwa ili athari ya kwanza irejee, kwa hesabu iliyowekwa na Schild, humpa nguvu ya kizuizi juu ya kipokezi, nguvu ambayo hulinganishwa na ile iliyokwisha kujulikana kwa kila aina.

Hadhari. Kama kadhi asivyokata hukumu kwa shahidi mmoja, ndivyo aina ya kipokezi isivyothibitishwa kwa dawa moja. Upendeleo wa dawa una mpaka wake, kwa maana ZM 241385 ikizidishwa huigusa A2B pia. Na mnyama naye huweza kupotosha ushahidi, kwani A3 ya panya haizuiliki kwa urahisi na dawa za jamaa ya teofilini, ilhali ile ya kondoo huzuilika. Tena adenosini yenyewe huingizwa upesi ndani ya seli na kuvunjwa, ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo; ndiyo sababu hutumiwa jamaa zake zisizovunjika upesi.

Faida yake. Elimu hii imefika kitandani mwa mgonjwa. Moyo unaokwenda mbio kwa hitilafu ya juu ya ventrikali huweza kutulizwa kwa miligramu 6 za adenosini zinazotiwa upesi mshipani, ambazo, kwa njia ya A1, hukatiza kwa muda mfupi njia ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini. Na nusu ya dawa hiyo hutoweka damuni kwa chini ya sekunde 10. Regadenosoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, huilenga A2A ili mishipa ya moyo itanuke wakati wa kupigwa picha. Mgonjwa aendaye kwenye kipimo hicho huamriwa kwanza aache kahawa na chai, kwani kafeini ni kizuizi cha vipokezi hivi hivi, na kikombe kimoja chaweza kuufunga mlango ambao tabibu anataka kuufungua.