Hoja Ilipita, Maji Hayakuja

Kwetu mtaani kuna bomba la maji la umma. Lilijengwa na pesa za kaunti, lina hata bango. Lakini lina kufuli, na mwenye ufunguo anauza maji 20 bob kwa mtungi kama yake. MCA wetu alipeleka hoja bungeni kwamba mabomba yote yaliyojengwa na pesa za umma yafunguliwe kwa kila mtu. Wenzake wakaunga mkono, Spika akauliza, wakajibu "Ndio!" kwa kishindo, hoja ikapita. Video ikazunguka WhatsApp wiki mzima.

Kufuli bado iko.

Nilikasirika, nikaanza kusema vile sisi wote husemaga: hizi hoja ni porojo tu, watu wanalipwa kupiga makofi. Halafu nikakutana na hadithi moja ya kule India ikanifanya nitulie kidogo. Wacha niwape, juu ni kama ilitokea kwetu.

Turudi 1923. India bado iko chini ya Mwingereza, na kila mkoa mkubwa una baraza lake la kutunga sheria. Mkoa wa Bombay una lake pia. Usidhani ni demokrasia ile ya maana. Wanaopiga kura ni wachache, wengi wao wenye mali, na polisi na hazina viko mikononi mwa watu wa gavana. Lakini mjumbe wa kawaida, hata kama hana cheo chochote serikalini, anaweza kusimama na kuleta hoja yake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo akasimama mjumbe anaitwa S. K. Bole. Hoja yake ilikuwa fupi: watu waliotengwa na tabaka, wale walioitwa "wasioguswa", waruhusiwe kutumia visima na mabwawa yote ya umma, shule, mahakama, ofisi na zahanati zinazoendeshwa na pesa za umma. Yeye mwenyewe hakuwa mmoja wao. Na unajua kutengwa kulimaanisha nini? Kuna mabwawa Mwislamu aliteka maji, Mkristo akateka, ng'ombe akashuka akanywa, lakini mtu wa tabaka hilo akitia mkono, ati maji yamechafuka.

Hoja ikapita. Septemba, serikali ya Bombay ikaandikia wakuu wa idara zake barua: tekelezeni. Mwanzoni mwa 1924, manispaa ya mji mdogo unaoitwa Mahad ikapitisha azimio lake kwamba bwawa la Chavdar, bwawa la umma, liko wazi kwa wote.

Kwa karatasi, kila kitu sawa. Kwenye bwawa? Hakuna aliyethubutu. Ukishuka na mtungi wako, utapigwa. Bole akaona mambo yamelala, akarudi barazani 1926 na hoja nyingine yenye meno kidogo: manispaa na mabaraza ya mitaa yanayokataa kutii yanyimwe ruzuku ya serikali. Bado Mahad kimya.

Hapa ndipo anaingia B. R. Ambedkar. Huyu alizaliwa ndani ya tabaka hilo la waliotengwa. Akiwa mtoto shuleni hakuruhusiwa kugusa mfereji wa maji, mtu mwingine ilibidi ammwagie. Akasoma mpaka Columbia kule New York na London School of Economics, akarudi wakili. Mapema 1927 akaingia baraza la Bombay kama mjumbe wa kuteuliwa.

Angeweza kuleta hoja ya tatu. Lakini hoja zilikuwa mbili tayari, na zote zilipita. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuzitumia.

Machi 1927 wakafanya mkutano Mahad, maelfu ya watu kutoka vijijini. Tarehe 20 wakapanga mstari, wakatembea mpaka Chavdar. Ambedkar akashuka ngazi, akachota maji kwa mkono, akanywa. Wengine wakafuata. Hawakuvunja kitu, hawakutukana mtu. Walikunywa maji ya umma ambayo manispaa yenyewe ilisema ni yao.

Baada ya hapo uvumi ukaenea mjini kwamba sasa wanataka kuingia hekalu la Veereshwar. Umati ukawavamia waliobaki pale mkutanoni, wakawapiga vibaya. Kisha wenyeji wa matabaka ya juu wakaenda "kusafisha" bwawa. Walimwaga mitungi 108 ya mchanganyiko wa maziwa, mtindi, kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya maji yaliyoguswa na binadamu. Na Agosti ya mwaka huo huo, manispaa ikafuta azimio lake la 1924.

Umeona hapo? Azimio lilikaa miaka mitatu bila mtu kulisumbua. Siku lilipotumika ndipo wakakumbuka kulifuta. Hoja isiyotumika haimtishi mtu, ndiyo maana huwa rahisi kupita.

Wapinzani wakakimbia mahakamani, wakadai bwawa ni la matabaka ya juu tangu zamani za kale. Kesi ikaburuta miaka kumi. Machi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua upande wa Ambedkar na wenzake: desturi hiyo ya tangu zamani haikuthibitishwa. India ilipopata katiba yake iliyoanza kutumika 1950, na Ambedkar ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuiandika, Kifungu cha 15 kikasema wazi kwamba hakuna mtu wa kuzuiwa kutumia visima na mabwawa ya umma kwa sababu ya tabaka lake. Ukikisoma, unasikia hoja ya Bole ndani yake.

Sasa wacha nirudi kwetu.

Watu wengi huchanganya hoja na mswada. Mswada ukipita na kutiwa sahihi unakuwa sheria, ukivunja unashtakiwa. Hoja ni bunge kutoa msimamo wake: tunataka hivi, serikali fanyeni. Serikali ikilala, hoja nayo inalala. Na hata mswada wa mjumbe mmoja haujahakikishiwa maisha. Mwaka 1937 Ambedkar alipeleka mswada wake wa kufuta mfumo wa mashamba wa khoti, uliowakandamiza wakulima wa pwani ya Konkan. Haukupita. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria ya 1949. Lakini mara nyingine mtu mmoja hubadilisha nchi: pesa za CDF zilianza na Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, na ile sheria ya pombe ya 2010 tunaiita "sheria ya Mututho" kwa sababu tunajua nani aliileta.

Kwa hivyo mimi sisemi tena hoja ni porojo. Bila hoja ya Bole, wale watu wa Mahad wangeitwa wavamizi tu. Hoja iliwapa la kusema: tumekuja kuchukua chetu, na hii hapa karatasi. Lakini bila wao kushuka zile ngazi, leo hakuna mtu angemkumbuka Bole.

Kosa letu ni kwamba sisi huishia kwenye video. Tunashea, tunacheka mheshimiwa alivyovaa, tunaendelea na maisha. Hakuna anayeenda kuuliza nakala ya azimio. Hakuna anayeandika barua kwa afisa wa maji wa kaunti akimwambia: mlipitisha hivi, tarehe hii, mbona kufuli? Na Katiba inakupa hiyo nguvu. Kifungu cha 43 kinasema maji safi ya kutosha ni haki yako. Kifungu cha 37 kinakuruhusu kukusanyika, kuandamana kwa amani na kupeleka malalamiko yako kwa wakubwa.

Jumatatu mimi na mabeshte wanne tunaenda ofisi ya karani wa bunge la kaunti kuomba nakala ya ile hoja yetu. Tukiipata tunaichapisha, tunaibandika pale kwa bomba, kando ya kufuli. Halafu tunaleta mitungi.

Na kwa wadi yako, ni hoja gani ilipita ikalala? Itafute. Pengine inangoja mtu wa kwanza kushuka ngazi.