Kutuza na Tuzo: Hukumu ya Sanaa za Maonyesho Kutoka Uwanjani hadi Ukumbini

Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho, walitaja mambo manne ambayo yakikosekana hakuna sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Mwaka huohuo jijini London zilianza kutolewa tuzo za kila mwaka za michezo ya jukwaani, ambazo tangu 1984 zinaitwa kwa jina la mwigizaji Laurence Olivier. Matukio haya mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, yakiwekwa pamoja yanazua swali: katika sherehe ya tuzo, ambamo hukumu imekabidhiwa jopo, ile nguzo ya nne imebakiwa na kazi gani zaidi ya kupiga makofi?

Lugha yenyewe ina ushahidi wake. Nomino tuzo inatokana na kitenzi kutuza, ambacho wengine hutamka kutunza: kumpa mwimbaji au mchezaji fedha papo hapo, onyesho likiendelea. Anayetuza huinuka, huingia uwanjani, hucheza hatua mbili tatu, kisha hutoa. Hukumu yake ni sehemu ya onyesho. Tusiipambe mno desturi hii, maana katika taarabu wapo wanaotuza kwa sababu ubeti umemchoma hasimu wao, wala si kwa uzuri wa sauti.

Kusini mwa Tanzania mashindano ya sanaa yana historia ndefu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha jinsi ngoma hiyo ilivyozuka pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikasambazwa na askari na watumishi hadi bara na miji ya kusini, Lindi ikiwemo. Marini na Arinoti walishindana kwa gwaride, mavazi na karamu, na wanachama wao walipewa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Maofisa wa kikoloni walilalamikia ubadhirifu. Naona hawakutambua kwamba cheo kile kilikuwa tuzo, tena tuzo ya kudumu: mtu aliendelea kuitwa kwa cheo chake hata ngoma ilipokwisha.

Baada ya uhuru, ushindani huo ulirudi kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1990 Tanzania One Theatre, iliyoundwa mwaka 1992, na Muungano walikutanishwa jukwaani, wakibadilishana taarabu, ngoma na vichekesho mbele ya umati uliolipa kiingilio. Hawa walikuwa wasanii wa kulipwa, na mwamuzi alikuwa umati.

Nairobi imechukua njia nyingine. Kenya Theatre Awards, zilizoanza kutolewa mwaka 2022, zimegawa kazi ya jukwaani katika vipengele na kutaja washindi kwa majina. Faida yake si ndogo. Noti ya mtuzaji hutumika kesho yake. Jina lililotangazwa huandikwa, na mtafiti wa baadaye hulikuta. Wasanii wetu wangapi wa vichekesho wamezeeka bila hata mstari mmoja wa maandishi unaowataja?

Ila vipengele hivyo haviwezi kupelekwa kila mahali. Tuchukue Matambarale, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla Ruangwa haijawa wilaya mwaka 1995. Katika nchi hii ya Wamwera, jando na unyago vina mtendaji, uwanja, dhana na watazamaji, yaani yote manne. Kungwi huimba, huigiza, huongoza na hufundisha kwa wakati mmoja; jopo lingemweka katika kipengele kipi? Na hata kipengele kingepatikana, sehemu ya kazi yake hutendwa mbele ya waliopitia unyago peke yao. Mwamuzi kutoka mjini hangeruhusiwa kuingia.