Jumamosi Ilikuwa ya Nani?

Kwa karibu miaka 40, Jumamosi ya mtoto wa Kenya ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mtoto. Mtihani wa KCPE ulianza 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Katikati hapo, vizazi viwili viliamka siku ya sita ya wiki, vikavaa yunifomu na kwenda tuisheni. Kama ulipitia hapo unajua mambo yalivyokuwa: karatasi za mitihani ya miaka iliyopita zimedurufiwa hadi pembetatu haionekani, pesa ya mwalimu umeikunja kwenye soksi, na mtaani wenzako ambao wazazi wao hawakuweza kulipa wanapiga mpira bila wewe.

Siku hizi mimi na marafiki wawili tunakusanya watoto wa gredi ya tatu hadi ya sita, kila Jumamosi asubuhi, mtaani kwetu huku Eastlands. Ni masaa mawili tu: moja la kusoma, moja la hesabu. Hatulipwi na hatulipishi. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kutimia. Kwa hivyo swali ambalo wazazi huniuliza ni la haki kabisa: "Mwalimu, hii ni tuisheni ama ni mchezo? Mbona hamuwapi mitihani?" Nimelitafutia jibu kwenye historia, na huko nimekuta kwamba somo la mara moja kwa wiki lilikuwepo kabla ya tuisheni, na kazi yake ilikuwa tofauti.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester, Uingereza, mchapishaji wa gazeti aitwaye Robert Raikes alifungua shule ya Jumapili kwa watoto maskini. Hakuwa wa kwanza kabisa kuwaza jambo hilo, lakini alikuwa na gazeti, na gazeti likaeneza habari. Kwa nini Jumapili? Kwa sababu watoto hao walikuwa kazini siku sita. Jumapili ndiyo iliyobaki. Ukiangalia vizuri, hiyo haikuwa elimu ya ziada. Kwa wengi wao ilikuwa elimu yote.

Lakini ugomvi haukukawia. Kusoma kulikubalika, maana Biblia husomwa. Je, kuandika na hesabu? Wako viongozi wa makanisa waliosema hizo ni kazi za dunia, hazifai siku ya Bwana. Wazo lilikuwa kwamba mtoto wa maskini apewe ujuzi wa kutosha kupokea neno, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpa ujuzi wa kujibu barua au kukagua mshahara wake.

Wazo hilo lilisafiri na wamisheni hadi kwetu. Miongoni mwa Wakikuyu, waliojiunga na misheni waliitwa athomi, yaani wasomaji. Dini na kitabu vilikuwa mlango mmoja. Na nje ya mlango huo kulikuwa na maandishi mengine ambayo hayakuhubiri chochote. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, kwenye kijaluba cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Ndani kuliandikwa jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Hebu fikiria kutembea na karatasi shingoni inayosema wewe ni nani na unalipwa ngapi, na huwezi kuisoma. Ukiongeza kodi ya nyumba iliyohesabiwa na karani wa serikali, utaelewa kwa nini wazazi wa wakati huo walitaka kitabu kwa njaa ile.

Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza elimu ya kilimo, usafi na kazi za mikono. Wazazi wengi walisikia maneno hayo kwa masikio yao wenyewe: kumbe mtoto wangu anaandaliwa jembe. Baada ya mzozo wa 1929 kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, wazazi waliotoka walianza kujenga shule zao wenyewe, kwa mbao zao na michango yao. Mwaka 1939 kikaanzishwa chuo cha walimu cha Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ilianza kuzifunga shule hizo, na Githunguri nacho kikafungwa. Serikali haifungi darasa la kusoma na hesabu kwa sababu ni la mchezo.

Hapa mjini, mlango ulikuwa wa mawe. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, ile yenye sanamu za simba mbele. Hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hii tunaitumia kama swali la hesabu siku ya Jumamosi. Soma aya fupi kuhusu maktaba, kisha ujibu: mtoto aliyezaliwa Pumwani mwaka ambao maktaba ilifunguliwa alikuwa na miaka mingapi aliporuhusiwa kuingia? Watoto hutoa, wanapata 27, na kunakuwa kimya kidogo. Halafu mmoja anauliza, "Sasa huyo si ni mtu mzima tayari?" Kumbe namba inaweza kukukasirisha. Hilo hakuna karatasi ya madurufu iliyowahi kunifundisha.

Uhuru ulipokuja, shule zikaongezeka, lakini nafasi za sekondari nzuri zikabaki chache. Mtihani mmoja ukawa ndio unaoamua nani aende wapi, na kitu chenye mlango mwembamba lazima kiwe na biashara mlangoni. Hivyo ndivyo tuisheni ilivyonenepa. Mwaka 2012 waziri wa elimu wakati huo, Mutula Kilonzo, aliipiga marufuku ile ya likizo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kosa. Madarasa mengi yalihamia tu kwenye majina mengine. Mzazi hakuwa mjinga. Aliogopa mtoto wake aachwe, na hofu haisikii sheria.

Jambo la kusikitisha ni kwamba haraka hiyo yote haikuleta hata kile kidogo. Januari 2003 serikali ya Kibaki iliondoa karo ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni 1 wapya wakamiminika madarasani. Kuanzia 2009 wananchi wa kujitolea wa mradi wa Uwezo walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapa watoto majaribio ya kiwango cha darasa la pili: silabi, neno, aya, hadithi, kutambua namba, kujumlisha, kutoa. Ripoti zao za mwanzo hapa Kenya zilionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Walimu walikuwa wanakimbiza silabasi, na waliobaki nyuma hawakuwa na siku yao.

Njia ya Uwezo ilitoka India, kwa shirika la Pratham lililoanzia Mumbai miaka ya 90. Pratham hawakuishia kupima. Waliwapanga watoto kwa kile wanachoweza, bila kujali darasa, na wakakabidhi kazi hiyo hata kwa vijana wa kawaida. Katika wilaya ya Jaunpur, vijana wa vijijini waliofunzwa kwa siku chache tu waliendesha kambi za kusoma, na watoto waliohudhuria wakiwa hawajui hata herufi walianza kuzitambua. Tatizo ni kwamba watoto wengi hawakuja kabisa. Ninayaweka yote mawili mezani kwa sababu yote mawili nayaona hapa kwetu. Kumbe kijana asiye na digrii anaweza kumfundisha mtoto kusoma. Lakini Jumamosi haina kengele, na mtoto asipopata sababu ya kurudi, harudi.

Kwa hivyo sisi tunahangaikia sababu. Tunapanga watoto kwa kiwango: wa gredi ya sita anaweza kukaa na wa gredi ya tatu, na hakuna anayetangazwa. Tunasoma vitu vilivyopo: risiti ya duka, tokeni ya stima, bango la matatu, hadithi fupi. Hesabu zinatoka humo humo. Unga umepanda kwa kiasi gani tangu mwezi jana? Chenji ya konda ni sawa? Wiki moja tulisoma ujumbe wa simu unaodai pesa imetumwa kimakosa, irudishwe haraka. Msichana wa gredi ya nne akaangalia salio lililoandikwa, akajumlisha kidoleni, akasema, "Hii hesabu haiingiani. Ni mwizi." Alisema shosho yake alipata ujumbe kama huo, akatuma.

Mama yule aliyeuliza kuhusu mitihani nilimweleza hayo. Hakushawishika mara moja, na mimi simlaumu. Hata bila KCPE, gredi ya sita bado wana tathmini yao ya kitaifa, na mlango bado ni mwembamba. Aliniambia, "Sawa mwalimu, lakini asije akajua kukamata wezi na aanguke shule." Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba anayesoma akaelewa hatishwi sana na karatasi, ila aliyekariri karatasi bado anaweza kuibiwa kwa ujumbe wa mistari miwili.

Na kuna mtu aliyelisema hili kuliko mimi. Januari 2004, huko Eldoret, Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, alijiunga na darasa la kwanza akisema ana miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu, akaketi na watoto wa miaka sita. Walipomuuliza anatafuta nini, alitaja mambo mawili. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana alishuku kwamba mhubiri haielezi sawasawa. Na alitaka kujua hesabu, maana alisikia waliopigania uhuru huenda wakalipwa fidia, naye asidhulumiwe akihesabiwa pesa.

Kusoma, amkague mhubiri. Hesabu, amkague mlipaji. Maruge alifariki Agosti 2009, kabla ya kumaliza shule ya msingi. KCPE hakuwahi kuifanya.