Mchezo wa Mapendo ya Mungu

Leo twafundisha neno linaloweza kuwashangaza wengi: Mungu hucheza na wale awapendao. Hilo si dhihaka. Mama huficha uso wake kwa nguo, mtoto akalia; kisha huufunua, mtoto akacheka; naye mama hakuondoka hata kidogo. Mtakatifu Catherine wa Siena, aliyefariki mwaka 1380, alifundisha kwamba Mungu huifanyia roho vivyo hivyo, hujificha na kurudi, ili mapendo yake yakomae.

Tumtazame Mtakatifu Thérèse wa Mtoto Yesu, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1873. Akiwa msichana alijitoa kwa Mtoto Yesu awe mpira wake mdogo usio na thamani: autupe chini, autoboe, auache pembeni, au aukumbatie, kama apendavyo. Ahadi hiyo ilijaribiwa upesi. Tarehe 20 Novemba 1887, akiwa na miaka 14, alipiga magoti huko Roma mbele ya Papa Leo XIII, akaomba ruhusa ya kuingia utawa wa Karmeli atakapotimiza miaka 15. Papa alimrudisha kwa wakubwa wake. Thérèse alitoka akilia. Ndipo alipofahamu: Yesu ameutoboa mpira wake, akauangusha, akalala usingizi. Lakini mpira ulikuwa wake bado. Tarehe 9 Aprili 1888 aliingia Karmeli ya Lisieux.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja wakati wa Pasaka ya mwaka 1896. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika, na giza likaifunika imani yake, hata mbingu ikawa kama ukuta. Faraja iliondoka, yeye hakuondoka. Alizidi kusadiki na kupenda mpaka kufa kwake, tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza kuwa Mtakatifu, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimweka kati ya Walimu wa Kanisa.

Anayependa kwa ajili ya mshahara huenda zake siku mshahara usipolipwa. Lakini mchezo hauna mshahara. Wanaocheza hufurahia kuwa pamoja tu. Basi, tunaposali kando ya mgonjwa wetu na Mungu akanyamaza, tusifiche machozi, kwani Thérèse naye alilia. Bali tusiondoke mkononi mwake.

Swali: Mungu akinyamaza, ametuacha?
Jibu: Hapana. Amejificha, naye yu karibu.